Goti la Kushoto la Mapendo

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na ombi. Kitenge nimeshakishona. Saa inakwenda mbele. Ombi ndilo hili: niandike jinsi nilivyofanya kazi ya michezo kwenye kambi za wakimbizi, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, ili ninyi mnaoanza mjue njia. Naandika, lakini msitegemee maneno matamu. Maneno matamu yalishaandikwa na wengine kwenye mabango, na mabango nitayafikia.

Nilianza kama mwalimu wa darasa la tatu huko kwetu Muyama. Nilipenda netiboli, nikajua sheria za mpira wa miguu kwa sababu kaka zangu walikuwa wakizivunja mbele yangu kila Jumapili. Shirika lilipotafuta mwanamke wa kufundisha michezo kambini, Kibondo, sifa zangu zilikuwa mbili: nilikuwa Mha ninayeelewana na Warundi bila mkalimani, na nilikuwa mwanamke pekee aliyeomba.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa filimbi, pampu isiyo na sindano, na mpira uliofumuka mshono. Watoto walikuwa wamejaa uwanjani. Nikasimama katikati, nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote. Uwanja mzima ukageuka ukakimbia kuelekea maghala ya chakula, pamoja na mama zao, wakiwa na ndoo na magunia. Kambini filimbi ilikuwa ishara ya mgawo. Nilibaki peke yangu na mpira wangu uliofumuka. Ninyi mnaoanza, kabla hamjapuliza filimbi mahali popote, ulizeni kwanza hapo inamaanisha nini.

Kibondo nilijifunza mambo ya mikono. Chokaa ikikosekana, mistari ya uwanja huchorwa kwa majivu, lakini yachujwe, maana kaa moja lenye moto huunguza mguu. Sindano ya pampu huloweshwa kwa mate kabla ya kuingizwa. Msichana akisema tumbo linamuuma usimwulize mbele ya wenzake. Miguu ya watoto hupimwa kwa uzi, usiwaulize namba ya kiatu, kwa sababu aliyevaa viatu vya kaka yake maisha yake yote atakutajia namba ya kaka yake. Na mabibi wasikukatishe tamaa. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani alinisimamisha njiani, hata salamu ya "bwakeye" hakuimaliza, akaniuliza, "Weye mwana wa Muyama, ulisoma yote hayo uje kuwafundisha mabinti kurusha miguu?" Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa akaenda zake, na wiki iliyofuata nikamwona amesimama pembeni mwa uwanja akimzomea mwamuzi.

Nilipata timu nzuri ya wasichana pale. Halafu ikaamuliwa kwamba Burundi kumetulia na watu warudi. Malori yalipangwa kuelekea mpakani Mabamba. Nilikwenda kuwaaga. Nahodha wangu alikuwa amekaa juu ya magodoro na mdogo wake mgongoni. Lori lilipoanza kuondoka alivua jezi ya timu akanirushia, maana ilikuwa mali ya shirika na nilikuwa nimewafundisha kurudisha vifaa. Sijawahi kumwona tena. Bosi wangu aliniandikia sifa kwamba vifaa vyote vimerudi.

Baada ya hapo nikahamishiwa Kasulu, kwenye kambi ya Wakongomani, na huko ndiko nilikokutana na mwalimu wangu.

Jina lake Bosco. Kambini wote walimwita Papa Bosco. Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, aliyewahi kuwa kipa wa timu ya mji wao kabla ya vita, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika. Kwa karatasi za ofisini mimi nilikuwa mratibu na yeye mkimbizi wa kujitolea. Kiwanjani mambo yalikuwa kinyume, na wote wawili tulilijua hilo bila kulizungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimechanganyika na Kifaransa, na mwanzoni nilikuwa nacheka. Kisha nikaacha, kwa sababu alichokuwa akikisema sikuwa nimewahi kukisikia kwenye semina yoyote.

Mazoezi yake yalikuwa ya ajabu. Katikati ya mchezo alipiga makofi, na kila mtoto akafumba macho palepale aliposimama. Halafu akapita akiuliza mmoja mmoja, "Bon. Aline iko wapi? Nani iko nyuma yako? Kipa anaegemea mugulu gani, kulia ao kushoto?" Aliyekosea alitoka nje. Nilimwambia watoto wanataka kupiga mpira, si kufumba macho. Akanijibu, "Madam Skola, kupiga mupira hata punda anaweza kupiga. Mimi nafundisha kichwa."

Mapendo aliletwa na mama yake, ambaye alikuwa akisuka nywele sokoni na hakuwa na mahali pa kumwacha. Alikuwa mdogo kuliko wote, mwembamba, mwenye kamasi. Siku yake ya pili Papa Bosco alipiga makofi, akamfikia, akamwuliza nani yuko nyuma yake. Mapendo, macho yamefumbwa, akawataja wote waliokuwa nyuma yake, akaongeza walio pembeni, na mwisho akasema kuna mbuzi anakuja upande wa goli. Tukageuka. Mbuzi alikuwa anakuja.

Papa Bosco hakucheka. Alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Bale wengine wanaona mupira. Ule mutoto iko naona kiwanja muzima. Usimuweke pembeni hata siku moja. Ule ni wa katikati."

Tukamweka katikati. Kwa miaka iliyofuata alikua pale, akicheza kiungo na wavulana waliomzidi umri, kwa sababu wasichana hawakuwa wakimchosha. Papa Bosco hakumsifu hata mara moja. Akifanya pasi nzuri alimwuliza, "Na ile ingine uliona? Ile uliacha?" Mtoto alikuwa akifikiri, kisha anasema aliiona. "Basi kwa nini ulichagua hii?" Nilidhani anamwonea. Siku hizi najua kwamba hakuna mtu mzima mwingine kambini aliyekuwa akimwuliza mtoto yule anafikiri nini.

Alipokuwa na miaka kama kumi, mama yake aliitwa kwenye usaili na akakubaliwa kwenda Amerika. Papa Bosco naye alikuwa amesailiwa, tena kabla yao. Aliambiwa asubiri. Siku ya kuondoka Mama Mapendo alikuja uwanjani, amevaa koti zito la msaada katikati ya jua, akiogopa kulifungasha lisije likaibiwa. Alisema, "Papa Bosco, siye tunaenda fasi ya baridi. Weye utatukuta kule." Papa Bosco akamwambia Mapendo acheze mpaka basi lije. Akacheza. Basi likaja.

Tuliendelea na kazi. Watoto hukua wakaacha mpira, wengine huolewa mapema, nami nilikwenda kubishana na baba zao, nikashindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Mapendo alitutafuta kwa simu akiwa kidato cha pili huko kwao kupya. Sauti yake ilikuwa imeota mabega. Kiswahili chake kilibaki kile cha kambini, ila neno likimpotea alitupa la Kiingereza na kuomba radhi. Mama yake alikuwa ameshaapishwa kuwa Mmarekani, na yeye akawa Mmarekani pamoja naye. Anachezea shule, anachezea timu ya mji, na wanamtaka vyuo vikuu. "Wananiuliza nilijifunza wapi kuangalia nyuma bila kugeuka," alisema. "Nikisema kambini wanadhani ni kambi ya likizo."

Papa Bosco aliichukua simu. "Wanakuweka wapi?"

"Katikati, Papa."

"Bon." Akanirudishia simu, akaenda kuokota mipira.

Alipofikisha miaka kumi na nane akaja wakala, mtu wa suti, akamweleza kwamba chuo kikuu ni kupoteza muda na klabu kubwa ya kaskazini mwa Ufaransa inamtaka sasa hivi. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha kuku, alilia kwenye simu. Alitaka binti asome. Mapendo alitaka kucheza. Papa Bosco alipoulizwa alisema jambo moja tu, kwamba ahakikishe kocha amemwona akicheza kwa macho yake, si kwenye video. Wakala akasema kocha amemwona. Nadhani hata wakala mwenyewe hakuwa ameuliza.

Huko Ufaransa walimweka winga. Kocha alikuwa na imani yake kuhusu Wamarekani: wana mapafu, wana misuli, wakimbizwe pembeni. Mapendo alikaa benchi msimu mzima wa vuli, na alipoingizwa aliambiwa akimbie mpaka bendera ya kona apige krosi. Walimwita Mmarekani. Jina lake lilikuwa kwenye jezi lakini halikuwa midomoni mwao. Alikaa nyumba moja na Mdenmaki na Mjapani waliokuwa wakipika kila mtu sufuria yake.

Kuna siku alitupigia akiwa na hasira. Baada ya mazoezi kocha alikuwa amesimama na msaidizi wake hatua chache kutoka kwake, wakizungumza Kifaransa, wakidhani haelewi. "Alisema, 'Huyu Mmarekani ni injini nzuri, lakini hana kichwa.' Kifaransa cha mama kilinisaidia kulisikia hilo, Papa. Ni afadhali nisingejua."

Papa Bosco aliivuta simu karibu na mdomo. Kisha akasema, "Ulimujibu?"

"Hapana."

"Sawa. Usimujibu kwa kinywa."

Nilimwona akienda nyuma ya banda la vifaa. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, akawakimbiza watoto siku ile mpaka nikamzuia.

Majira ya baridi klabu ikamtoa kwa mkopo kwenda timu ndogo ya Ubelgiji, na hapo ndipo mambo yakanyooka kwa muda. Kocha wa pale alikuwa mama mmoja aliyekuwa pia mwalimu wa shule. Alimtazama siku ya kwanza ya mazoezi akamwuliza, "Kwa nini wanakuficha pembeni?" Akamrudisha katikati.

Mechi zile hazikuonyeshwa kwenye televisheni zetu. Zilirushwa mtandaoni, na mtandao wa kambini haukuweza. Nilikuwa nikishuka Kasulu mjini kwenye duka la Bwana Salumu, mtu wa Tanga anayeuza vitambaa, ambaye alikuwa na intaneti nzuri na udhaifu wa kupenda mpira wowote unaodunda. Tuliegemeza simu yake kwenye marobota ya kanga, wateja wakasubiri. Papa Bosco aliomba kibali cha kutoka kambini aje atazame mara moja. Alikataliwa. Kwenda kutazama mpira haikuwa miongoni mwa sababu zinazokubalika. Sababu zinazokubalika ni kama kuugua sana.

Kwa hiyo nilimpelekea mechi mimi. Jumatatu asubuhi tulikaa kwenye banda la vifaa, nikamwaga vizibo vya soda mezani, nikampangia timu zote mbili kama nilivyokumbuka. "Hapa ndipo alipopokea. Akapiga hivi, kwa mshambuliaji wao."

"Kabla ya kupokea aliangalia wapi?"

"Sikuona, Papa."

"Madam Skola! Ile ndiyo mechi. Ingine yote ni mupira tu."

Jumamosi zilizofuata sikuutazama mpira. Nilimtazama Mapendo tu, kichwa chake, na Bwana Salumu akawa analalamika kwamba wakifunga ni lazima yeye aniambie. Nilijifunza kutazama nikiwa nimekaribia kustaafu. Mjue hilo, ninyi mnaodhani cheti mlichopata Dodoma kimemaliza.

Alicheza vizuri sana kule Ubelgiji. Magazeti ya kule yakamwandika, na klabu kubwa ikamkumbuka. Ikamrudisha, na ikatuma watu kuja kutengeneza filamu ya maisha yake.

Walikuja na magari mawili. Kibali cha kuingia kambini walikipata kwa haraka ambayo sijaiona kabla wala baada. Walikuwa na adabu, sitawasingizia. Lakini walikuta wasichana wangu wamevaa njumu, njumu nilizozipigania kwa barua na kwa machozi, na jambo hilo liliwasumbua. Wakaomba wazivue. Wakaomba pia mpira wa majani ya migomba. Mmoja wa wasichana aliniuliza kwa sauti, "Madam, si ulisema tusicheze bila viatu?" Nilimwambia avae. Wakaenda kuwapiga picha watoto wengine, upande wa visima.

Niliwapeleka kwa Papa Bosco. Nikawaambia: aliyemfundisha ndiye huyu. Alivaa shati lake jeupe. Alizungumza nao Kifaransa asubuhi nzima, akachora kwenye vumbi, akawaeleza mambo ya kufumba macho, akawaonyesha jinsi mtoto anavyofundishwa kuchagua pasi. Mwongoza kamera alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima. Nilifurahi siku ile. Nilisema moyoni, angalau hili litajulikana.

Filamu ilipotoka tuliitazama kwenye simu yangu. Vumbi, jua linazama, watoto pekupeku. Mikono ya Papa Bosco ilionekana, imeshika mpira, uso umekatwa. Na sauti ya mwanamume ikasema kwamba hapa hapakuwa na kocha, hapakuwa na uwanja, na binti huyu alijifundisha mwenyewe kwa sababu ndoto haina mpaka. Kisha ikaonyeshwa Amerika, nyasi za kijani, na makocha wake wa huko wakiwa na majina yao chini ya nyuso zao.

Papa Bosco akanirudishia simu. "Bon," akasema. "Mikono imetoka muzuri."

Mapendo alitupigia siku hiyohiyo akilia. Alikuwa amewaambia kila kitu, alisema, na alitaja jina lake mara nyingi. Papa Bosco akamwambia aache kulia, wachezaji hawahariri filamu. Nadhani alimaanisha. Lakini kuanzia hapo hakuchora tena kwenye vumbi mbele ya mgeni yeyote.

Sasa nafika kwenye goti.

Mwisho wa msimu wake wa pili klabu ilikuwa na mechi kubwa ya nusu fainali. Kiungo wao wa kati alikuwa ameumia. Mapendo alipiga simu saa za kazi, nikaweka sauti kubwa, tukamsikiliza mimi na Papa Bosco ndani ya banda.

"Kocha amesema nitaanza. Katikati, Papa. Amesema mwenyewe, katikati."

"Vizuri. Sasa nini inakusumbua?"

"Goti la kushoto limevimba. Daktari wa timu anasema ni maji tu. Atanichoma sindano, sitasikia maumivu."

"Inavimba asubuhi ao jioni?"

"Asubuhi."

"Ukishuka ngazi, goti inakushika ao inateleza?"

"Inateleza kidogo."

"Usicheze."

"Papa, nimesubiri miaka miwili. Mama amesema nisicheze, wewe unasema nisicheze. Wakala anasema nikikataa mechi hii hakuna atakayeniita tena. Watasema Mmarekani ni mwoga."

"Waache waseme. Waoga wanatembea muzuri."

"Madam?"

Nilimwambia asicheze. Nilimwambia kama ningemwambia mwanangu. Akasema asante, Madam, akasema atafikiri, na nilijua kwa sauti yake kwamba ameshafikiri.

Alicheza. Duka la Bwana Salumu lilijaa siku ile, maana alikuwa amewatangazia watu. Na niwaambie ukweli, sijawahi kuona mtoto akicheza vile. Kila aliyempa mpira alikuta ameshajua pa kuupeleka. Kocha wake alikuwa amesimama kwenye mstari mikono kichwani, kama mtu aliyegundua kwamba fedha alizokuwa akizitafuta ziko mfukoni mwake. Wauza nguo wa Kasulu walikuwa wakipiga kelele kwa jina lake, Mapendo, Mapendo, jina lenyewe, si Mmarekani.

Kipindi cha pili alipokea mpira akiwa amewapa wapinzani mgongo, akageuka kwa kushoto. Hakuguswa na mtu. Goti lilibaki, mwili ukaenda. Alikaa chini, hakulia, akaweka mkono juu ya goti kama mtu anayefunika chungu. Bwana Salumu aliinua simu akaizima bila kuniuliza. Akafungua soda akaniwekea mbele. "Pole, Madam," akasema, na wateja wakatoka mmoja mmoja.

Yaliyofuata ni mafupi. Alipasuliwa. Klabu ikaandika ujumbe wa kumtakia afya njema, wenye moyo mwekundu. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Daktari aliyemchoma sindano alisema mchezaji aliridhia, na ni kweli, aliridhia. Wakala alibadilisha namba. Filamu ikaondolewa, kwa hiyo sasa hata ile mikono haipo. Mapendo alirudi kwa mama yake Amerika, akalala kwenye kochi, akajifunza kukunja mguu upya.

Upande wetu nako mradi wa michezo ulikatwa. Wafadhili walikuwa wamepata vipaumbele vipya. Lakini kabla ya kufunga, shirika lilichapisha bango kubwa lenye picha yake akiwa na jezi ya Ufaransa, likatundikwa nje ya ofisi: Ndoto Haina Mpaka. Lilitundikwa mita chache kutoka kwenye boriti ya getini ambayo wakimbizi hawaruhusiwi kuivuka. Nilimwomba mkuu wangu alisogeze hata kidogo. Hakuelewa ninazungumzia nini. Miaka yangu ya mwisho kazini nilifundisha bila bajeti, kwa mipira ya viraka, chini ya bango lile.

Mkitaka kujua yuko wapi: yule mama wa Ubelgiji alimtafuta mwenyewe, akamwambia nafasi yake ipo, hata akitembea. Yuko kule. Anaingia kipindi cha pili. Hakimbii kama zamani.

Lakini kabla ya kwenda alikuja Kasulu, kiangazi cha mwaka wangu wa mwisho. Alilala kwangu, akala ugali wa muhogo na maharage mpaka nikaogopa. Asubuhi tukapanda bodaboda mbili kwenda kambini. Hakuwa na kibali. Alikuwa ameomba, na jibu halikuwa limekuja.

Askari wa getini alikuwa kijana mpole. Aligeuzageuza pasi yake. "Dada, hii ni ya Amerika. Bila kibali siwezi."

"Nilikulia humo ndani, kaka. Lile banda la pili, nyuma ya kisima."

"Naamini. Lakini siwezi."

Tukampigia Papa Bosco. Alikuja upande wa ndani, taratibu, amevaa miwani, amezeeka kuliko nilivyokuwa nimetambua kwa kumwona kila siku. Alisimama nyuma ya boriti. Mapendo alisimama mbele yake. Nilidhani watalia. Walishikana mikono juu ya boriti, kisha mzee akamwangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Tembea," Papa Bosco akasema.

Akatembea barabarani, kwenye vumbi jekundu, akarudi.

"Kimbia kidogo. Geuka."

Akakimbia, akageuka.

"Unageuka kwa kulia tu."

"Naogopa ya kushoto, Papa."

"Nani alikuambiaka goti imepona?"

"Daktari."

"Bon. Daktari alishona goti. Woga hakushona." Akanitazama. "Madam Skola, simama pale, uwe beki."

Nikasimama, mwanamke wa miaka sitini na mkoba wangu begani. Mapendo akanijia, akageuka kwa kulia. Akarudia. Kulia. Waendesha bodaboda wakakaa kutazama.

Gari la shirika likaja kutoka ndani likapiga honi. Askari akainua boriti. Gari likapita. Kwa muda ule hapakuwa na kitu chochote kati ya mzee yule na binti yule, njia ilikuwa wazi kabisa, hatua moja tu. Wote wawili wakamtazama askari. Askari akatazama chini, mkono bado uko kwenye kamba, akasubiri zaidi ya gari lilivyohitaji. Hakuna aliyevuka. Papa Bosco alijua akivuka angepelekwa wapi, na Mapendo alijua akiingia angeadhibiwa askari yule. Boriti ikashuka.

"Tena," Papa Bosco akasema. "Kwa kushoto."